Kabla ya Kuezua Paa

Leo nasema nanyi wenye nyumba wa Nairobi mnaotaka kuezeka upya.

Kwanza, ombeni ruhusa ya Kaunti. Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, aanzaye ujenzi bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa miezi miwili, au yote mawili.

Pili, mkandarasi awaonyeshe cheti cha kuandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, kama iagizavyo sheria ya mwaka 2011.

Tatu, mabati ya asbesto yasivunjwe kwa nyundo. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Mchukuzi wa taka zake sharti awe na leseni.

Basi ulizeni mapema, wakati wa kiangazi, maana paa likisha kuezuliwa mvua haingoji karatasi.