Pampu ya Dawa Mgongoni: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuchanga Pesa

Haya ni maelezo ya afisa wa tiba shufaa wa hospitali ya rufaa ya kaunti kwa walezi wa wagonjwa. Yalitolewa wakati wa kuadhimisha Siku ya Tiba Shufaa Duniani, ambayo huwa Jumamosi ya pili ya Oktoba.



Kuna swali tunaloulizwa katika kliniki yetu: "Daktari, tumesikia kuna pampu inayowekwa mwilini na maumivu yanatulia. Tukichanga pesa tumpeleke mzee ng'ambo, atapona?" Familia nyingine huja zikiwa tayari zimeitisha harambee, au zimetafuta mnunuzi wa kipande cha shamba. Naomba tulijibu swali hili pamoja leo, kwa sababu linagusa mali yenu na uhai wa mgonjwa wenu.

Kwanza, pampu hiyo ipo kweli. Ni kifaa cha chuma cha mviringo, kinachotoshea kiganjani. Daktari wa upasuaji hukiweka chini ya ngozi ya tumbo. Kutoka hapo, mrija mwembamba hupitishwa chini ya ngozi hadi kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, na pampu hutoa dawa kidogo kidogo, usiku na mchana. Dawa inayotumika sana kwa maumivu ni mofini. Pampu hizi zinatumika Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1980.

Faida yake ni kwamba dawa hufika karibu kabisa na mishipa inayobeba habari za maumivu. Kwa hivyo kiasi kidogo sana hutosha. Kwa makadirio ya madaktari, miligramu 1 ya mofini kwenye maji ya uti wa mgongo hufanya kazi ya takriban miligramu 300 za kumeza. Kwa mgonjwa ambaye dawa za kumeza zinamlevya, zinamtapisha au zimemfungia choo kupita kiasi, hiyo inaweza kuwa afueni kubwa.

Lakini pampu haiponyi ugonjwa. Haiondoi saratani wala hainyooshi mgongo ulioharibika. Inatuliza maumivu tu, na si kwa kila mtu. Ndiyo maana kabla ya kuiweka, madaktari hufanya jaribio: mgonjwa hupewa dawa mgongoni kwa muda mfupi waone kama inamfaa. Isipomfaa, haiwekwi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye hatari. Nguvu ile ile inayofanya tone moja litoshe ndiyo inayofanya kosa dogo liwe kubwa. Dawa ikizidi, mgonjwa husinzia asiamke vizuri, na pumzi yake hupungua hadi inaweza kukatika. Pampu hujazwa upya kwa sindano kupitia ngozi, kila baada ya mwezi mmoja hadi miezi sita, kutegemea dawa na kiasi. Sindano ikikosa shimo la pampu, dawa ya miezi humwagika chini ya ngozi mara moja. Kazi hiyo hufanywa na aliyefunzwa, mahali penye oksijeni na naloksoni, dawa inayovunja nguvu ya mofini, na mgonjwa huangaliwa kwa muda kabla ya kuruhusiwa aende.

Na dawa ikikatika ghafla pia ni hatari. Pampu nyingine hubeba baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa. Ikiisha bila kujazwa, mgonjwa hupata mwasho, homa kali, misuli hukaza kuliko zamani, na anaweza kufa. Betri nayo ina mwisho. Baada ya miaka kadhaa pampu hubadilishwa, na hiyo ni operesheni nyingine. Mwezi Novemba 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wagonjwa na madaktari kwamba dawa nyingi zilizokuwa zikitiwa ndani ya pampu hizi hazikuidhinishwa kwa matumizi hayo, na kwamba zinaweza kuharibu pampu au kuleta makosa ya kipimo.

Kwa hivyo kabla ya kuuza shamba, ulizeni maswali haya, na muandike majibu. Je, mgonjwa atafanyiwa jaribio kwanza? Ni dawa gani itakayowekwa, na imeidhinishwa kwa pampu hiyo? Akirudi nyumbani, nani atakayeijaza, katika hospitali gani, kwa gharama gani, na bima italipa nini? Ikipiga kengele usiku, tutampigia nani simu? Kama jibu la swali la kujaza ni "tutaona huko mbele," msikubali. Safari moja na operesheni moja havitoshi. Pampu inataka mtu wa kuitunza karibu nanyi kwa miaka.

Aliye na pampu tayari naye asiifiche. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tembea na kadi ya pampu. Mwambie kila daktari, muuguzi na mtu wa duka la dawa. Sema kabla ya kupigwa picha ya MRI, kwa sababu sumaku yake husimamisha pampu nyingi, na lazima ikaguliwe baadaye kama imeanza tena. Usikose tarehe ya kujaza hata kwa siku moja. Usiongeze pombe, dawa za usingizi wala mofini nyingine bila ruhusa. Kimbia hospitali ukiona usaha au wekundu penye kidonda, homa na shingo kukakamaa, miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu, au mkojo kukataa kutoka.

Wengine mtaniuliza: basi sisi tusio na pampu tuvumilie? Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, kwa wagonjwa 202 wa saratani, ulilinganisha waliopewa pampu pamoja na dawa za kawaida, na waliopewa dawa za kawaida zilizosimamiwa vizuri. Katika kundi la pampu, karibu 85 kati ya 100 walipata nafuu ya maumivu au ya madhara ya dawa. Katika kundi la pili walikuwa karibu 71 kati ya 100. Pampu iliwasaidia zaidi, ndiyo. Lakini tazameni hao 71: walipata nafuu bila kupasuliwa, kwa sababu tu dawa zao zilipimwa na kufuatiliwa.

Na hilo tunaliweza hapa nchini. Mofini ya maji ya kunywa inatumika Kenya kwa maumivu makali ya saratani, na Nairobi Hospice imekuwa ikihudumia wagonjwa wa namna hii tangu 1990. Hutolewa kwa maagizo ya daktari, kwa kawaida kila saa 4, wala haingoji mgonjwa alie. Pimeni kwa sirinji, msikadirie kwa kijiko. Someni lebo kila mnapopewa chupa mpya, maana nguvu ya dawa inaweza kuwa tofauti. Ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Fungieni chupa mbali na watoto. Wala msimnyime mgonjwa wa saratani kwa kuogopa kwamba atakuwa mraibu. Akipewa kwa kipimo na kufuatiliwa, hatari hiyo ni ndogo.

Kwa maumivu ya mgongo au ya viungo yasiyo ya saratani, njia ni nyingine: mazoezi ya viungo, dawa nyepesi, na kutafuta chanzo. Mofini si dawa ya kuanzia.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kuchapisha kadi za harambee, mleteni mgonjwa kliniki na dawa zote anazotumia, hata za kienyeji, mkiwa na daftari la siku 7: maumivu yalikuja saa ngapi, alikunywa nini, alilala vipi. Tukishapanga dawa zake vizuri na bado anateseka, sisi wenyewe tutamwandikia barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa maumivu, na tutazungumzia pampu tukiwa na habari kamili.

Sasa karibuni kwa maswali.