Nazi Isiyoganda

Baridi ya Julai ikishuka kutoka Mlima Kenya na kutua hapa Kiirua, ngozi hupauka, midomo ikakauka na visigino vikafanya nyufa. Ndipo chupa zilizochorwa nazi hujaa madukani, na muuzaji huisifu moja: "Mama, chukua hii. Nazi tupu, na haigandi!"

Sifa hiyo ndiyo inayonitia shaka. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kule Kilifi, kwenye joto la pwani, hukaa majimaji mchana kutwa. Kiirua alfajiri huwa meupe, magumu, na huyapati bila kuyachota kwa kijiko. Kwa hiyo chupa inayong'aa kama maji saa kumi na mbili asubuhi si ya nazi tupu.

Mna nini basi? Huenda kiwanda kimeyachambua mafuta ya nazi, kikaitoa asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta yote, kikachukua asidi za kapriliki na kapriki na kuziunganisha upya na gliserini. Kwenye lebo utasoma caprylic/capric triglyceride. Hayo ni mafuta mazuri: mepesi, hayana harufu, hayachachi upesi, na huzuia ngozi isipoteze maji.

Au huenda ni mafuta yatokanayo na petroli, yaliyotiwa nazi kidogo ya kunukia. Lebo itasema paraffinum liquidum. Nayo hulainisha ngozi. Ni ndugu ya yale mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo kina mama wa huku huwapaka watoto miaka nenda miaka rudi. Kosa ni kukutoza bei ya nazi.

Kwa hiyo geuza chupa. Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, basi nazi ikiwa ya mwisho mwisho, ujue umeuziwa picha. Ukishanunua, jipake mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Lakini tusimwachie mnunuzi mzigo wote, maana herufi zenyewe ni ndogo kama mayai ya chawa na majina ni ya maabara. Nembo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hutuambia bidhaa imefikia viwango. Haituambii nazi ni kiasi gani. Shirika hilo liweke sharti moja jepesi: anayechora nazi mbele ya chupa, aandike papo hapo, kwa herufi kubwa, ni asilimia ngapi.