Ndizi ya Dola Milioni Sita

Novemba 2024, jijini New York, ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa gundi, kazi ya Mwitaliano Maurizio Cattelan, iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 6.2, ada zikiwemo. Mnunuzi aliila siku chache baadaye, mbele ya waandishi wa habari, na hakupoteza kitu. Alichonunua ni cheti, pamoja na maelekezo ya kubandika ndizi nyingine.

Mimi kinaniuma kingine. Mwaka 2019 nakala za kwanza za kazi hiyo ziliuzwa dola 120,000 kila moja. Uingereza na Ufaransa humkatia msanii fungu lake kazi inapouzwa tena mnadani. Marekani haina sheria hiyo kitaifa. Thamani imepanda mara hamsini, na aliyeibuni kazi hana anachodai.