Sifa za Maandishi Mema na Jinsi ya Kuzifundisha Darasani

(Hotuba kwa walimu na wazazi wa Buyenzi, Bujumbura)

  

Mtoto wa Buyenzi husema Kiswahili tangu utotoni. Akienda shule hukutana na Kirundi na Kifaransa, na akienda madrasa hukutana na Kiarabu. Lugha hizo zote ni mali. Walakini huonekana mara nyingi kijana aliyemaliza masomo, akaombwa na shangazi yake amwandikie barua ya kudai kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, naye akajaza ukurasa mzima kwa salamu na misemo, asitaje kiwanja ki wapi, kina ukubwa gani, wala mashahidi ni akina nani. Barua hiyo ikisomwa hupendeza masikioni, lakini haki ya mjane haimo ndani yake. Kwa hiyo kumfundisha mwanafunzi kuandika ni katika kulinda haki za watu.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, Waislamu wameamrishwa kuliandika deni lenye muda maalumu. Mwandishi ametakiwa kuandika kwa uadilifu, naye mdaiwa ndiye asemaye maneno ya kuandikwa, wala asipunguze kitu. Tena watu wamekatazwa kuchoka kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Mwalimu akiyatazama maagizo hayo ataona ya kwamba sifa za maandishi mema zimo humo.

Sifa ya kwanza ni ukweli. Mwanafunzi aandike alichokiona na anachokijua. Akipewa insha juu ya soko, mara nyingi hunakili maneno aliyoyakuta vitabuni, na soko lake likawa halina mahali duniani. Mwalimu amwulize: Ndagala waliuzwa na nani? Fungu moja lilikuwa kwa bei gani? Mama alipunguziwa au alikataliwa? Majibu ya maswali hayo ndiyo insha yenyewe, naye mtoto hustaajabu kuona ya kwamba alikuwa na mambo mengi ya kusema.

Sifa ya pili ni uwazi. Mwalimu na aandike ubaoni: Juma alimwambia Ali ya kwamba mbuzi wake amekufa. Kisha awaulize wanafunzi, mbuzi ni wa nani? Wengine watasema wa Juma, wengine wa Ali, na ubishi wao utawafundisha zaidi ya kanuni kumi. Hapo zamani, Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, alama za irabu zilikuwa tatu tu, na sauti za irabu katika Kiswahili ni tano. Msomaji alilazimika kumsaidia mwandishi kwa akili yake. Leo herufi za Kirumi zinaonyesha irabu zote, lakini maana yaweza kubaki gizani vile vile, ikiwa mwandishi hakumfikiria atakayesoma.

Sifa ya tatu ni mpango. Kwa hili kuna zoezi ambalo darasa lolote la watoto wa Kiislamu laliweza. Kila mwanafunzi aandike jinsi ya kutia udhu, kana kwamba anamwandikia mtu asiyejua kitu. Kisha mmoja asimame mbele na birika la maji, na mwenzake amsomee karatasi, naye afanye kama ilivyoandikwa, asiongeze wala asipunguze. Aliyesahau kuandika kupaka kichwa, udhu wake hautatimia. Aliyeandika kuosha mikono bila ya kusema hadi viwikoni, atamwona mwenzake akiishia vifundoni mwa viganja. Aliyetanguliza miguu kabla ya uso, ameivunja taratibu ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafii ni nguzo. Darasa litacheka, na mwenye karatasi hatasahau. Amejua ya kwamba yaliyomo kichwani mwake hayamfikii msomaji ila yakiandikwa, tena kila moja mahali pake.

Sifa ya nne ni kiasi. Hii ndiyo ngumu, kwa sababu Mswahili hupenda maneno mazuri, wala si kosa kuyapenda. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa bahari ya elimu ya Kiarabu. Hata hivyo, alipotoa Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliwaandikia watu kwa Kiswahili ili yawafikie wasiosoma vitabu vya Kiarabu. Naye Shaaban Robert, ambaye hapana awezaye kumwambia hakujua pambo la lugha, aliona haja ya kuwatungia wanafunzi kitabu cha Kielezo cha Insha, kilichotolewa mwaka 1954. Wajuzi kama hao hawakuona haya kumtumikia msomaji mdogo. Basi mwanafunzi afundishwe kuuliza kila neno: Limekuja kufanya kazi gani hapa? Lisilo na kazi liondolewe.

Imebaki njia ya kufundisha. Madrasa imewazoeza watoto kuhifadhi, na hiyo ni neema kubwa, maana Qurani haibadilishwi hata herufi moja. Lakini insha ni kazi ya namna nyingine. Humo mtoto hatakiwi kurudisha maneno ya mwalimu wake, bali kuyatoa yake mwenyewe. Mwalimu asiyezitenga kazi hizi mbili humwadhibu mtoto kwa kusema jambo lake, kisha hulalamika ya kwamba watoto hawana fikira.

Kadhalika katika kusahihisha. Daftari lililojaa wino mwekundu humvunja mtoto moyo, wala hajui aanze wapi. Yafaa mwalimu achague makosa mawili makubwa, ayaeleze, kisha amrudishie mwanafunzi aiandike insha ile ile mara ya pili. Insha moja iliyoandikwa mara mbili humfaa kuliko insha mbili zilizoandikwa mara moja moja. Tena kila insha isomwe kwa sauti mbele ya wenzake, kwani sikio hugundua mahali ambapo jicho lilipita bila ya kuona. Na mwalimu naye aandike pamoja nao, afute, arekebishe, wapate kuona ya kwamba hata mkubwa hukosea njiani kabla ya kufika.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mama akitaka kuweka akiba na wenzake, baba akitaka kumkopesha jirani faranga, kijana wa nyumbani na aitwe aandike. Aulizwe: Umeandika atalipa baada ya mavuno, je, ni mavuno yapi? Umeandika mbele ya mashahidi, je, majina yao yako wapi? Hati hiyo isomwe mbele ya wote wawili, na kila mmoja akiri ya kwamba ndivyo walivyopatana. Huko nyumbani mtoto ataona kalamu yake ikizuia ugomvi baina ya watu wawili wanaopendana.

Mwenyezi Mungu awape walimu subira, awape watoto ufahamu, na azijaalie kalamu zao ziwe mashahidi wa haki. Amin.