Panda kinachoijua Dodoma

Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Leo nataka methali hiyo tuipeleke bustanini.

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwa mara nyingine kuhamia Dodoma, uamuzi ambao ulikuwa umepitishwa tangu mwaka 1973, wengi wamekuja na kujenga hapa. Nyumba ikishapauliwa, mwenye nyumba hutaka bustani, na ile aliyonayo kichwani ni ya Dar es Salaam au Moshi: ukoka wa kijani mwaka mzima, migomba nyuma ya jiko na maua ya majani mapana mlangoni. Hakosi ladha. Tatizo ni kwamba amebeba bustani akaiacha mvua yake nyuma.

Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma hupata kama milimita 570, nazo karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni jua, vumbi na upepo ule unaochana majani ya mgomba yakawa kama fagio.

Hebu tupige hesabu. Katika kiangazi cha hapa, ukoka ukitaka ubaki kijani huhitaji kama milimita 5 za maji kila siku. Kwenye kiwanja cha mita 10 kwa 10, hizo ni lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Familia inayochota maji kwa ndoo ingeyatumia maji hayo kwa siku mbili na zaidi. Wewe umeyamwaga chini asubuhi moja, na kesho yanatakiwa mengine.

Wapo wanaoniambia, "Bwana mtangazaji, mimi nimechimba kisima changu, simnyang'anyi mtu." Ndugu yangu, kisima ni chako, lakini maji yaliyo chini hayajui ukuta wa uwanja wako. Mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, maji ya ardhini ambayo hurudishwa na mvua hiyo hiyo chache.

Je, tukae kwenye vumbi? La hasha. Ipo mimea inayoijua Dodoma. Kwa kivuli, panda mwarobaini. Ulitoka Bara Hindi lakini umekuwa mwenyeji, na hubaki na majani wakati mingine imepukutisha. Uweke mbali na ukuta na shimo la maji taka, maana mizizi yake husafiri. Mwenye uwanja mkubwa apande mkwaju, mjukuu atamshukuru. Kwa matunda, jaribu mkomamanga, mkunazi au mtopetope. Kwa maua, bugenvilia haina mpinzani: ikishashika, kiu kidogo huifanya ichanue zaidi. Mshubiri na mkonge hupendeza kando ya njia bila kudai kitu. Minyaa hufanya ua mzuri, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, hivyo mwenye watoto wadogo afikiri mara mbili.

Na mzabibu je? Huo unataka maji na kupogolewa, sikudanganyi. Lakini ukiufanyia chanja mbele ya nyumba, unakupa kivuli na zabibu. Kama ni lazima utumie maji, yatumie kwa kinachokulipa.

Namna ya kupanda nayo ina maana. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 kabla ya mvua, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, kisha panda mvua zinapoanza, Desemba, si Agosti kwa sababu tu umeona mche barabarani. Zungushia kisahani cha udongo ili maji yatuame. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina, maana mchwa wa Dodoma hawahitaji mwaliko wa pili. Mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki, jioni, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Maji ya juu juu huifundisha mizizi kukaa juu juu. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa kwa miti. Yale mazito ya sabuni yamwage kwingine. Mti ukitunzwa hivyo kwa viangazi viwili, mingi katika niliyoitaja itajitegemea.

Kwa wauza miche wa kando ya barabara nina ombi: mteja akiuliza, mwambieni ukweli mche unakunywa kiasi gani. Nasi wanunuzi tuulize hilo kabla ya kuuliza bei, kwani bei ya mche hulipwa mara moja, ya maji hulipwa kila mwezi, na wakati mwingine anayeilipa ni jirani ambaye bomba lake limekauka.

Hadi wiki ijayo, msikilizaji, nakutakia kivuli chema.