Mlo wa Mtoto Njiti Kupitia Mpira



Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito huitwa njiti, na mwenye uzito chini ya kilo 1.5 huhesabiwa kuwa mdogo sana. Ndugu wanaofika wodini kutoka Itilima, Meatu au vijiji vya Bariadi humkuta ana mpira mwembamba mdomoni au puani, na wengi huuogopa wakidhani ni dalili ya kifo. Sivyo. Mpira huo ni njia ya chakula.

Kunyonya ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mtoto hutakiwa kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio, na uwezo huo hukomaa karibu na wiki ya 34. Kabla ya hapo maziwa yanaweza kuingia katika njia ya hewa. Ndiyo maana muuguzi hupima urefu wa mpira, huufikisha tumboni, huubandika kwa plasta, na huhakiki mahali ulipo kabla ya mlo. Maziwa hutiwa katika bomba la sindano lililoinuliwa kidogo, yakashuka polepole yenyewe. Asiye na mafunzo asiuguse, hata kwa nia njema.

Mlo wa kwanza huweza kuwa mililita 2 hadi 4 tu, pungufu ya kijiko cha chai. Hapo familia huingiwa na wasiwasi, na mtu akapendekeza maziwa ya ng'ombe, ambayo kwa wafugaji si adimu. Ni hatari kubwa. Utumbo wa njiti haujakomaa, na maziwa yasiyo ya binadamu huongeza uwezekano wa ugonjwa unaoozesha utumbo na kuua. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano ambayo baadhi ya watu bado huyamwaga, ndiyo humpa kinga.

Mtoto asiponyonya, maziwa hupungua. Mama hana budi kukamua kwa mkono, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, kisha angalau mara 8 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Kumrudisha nyumbani akapande pamba huku mtoto amebaki wodini ni kumkatia mtoto chakula. Siku ya Mtoto Njiti Duniani, tarehe 17 Novemba, huangukia msimu huohuo wa kupanda. Jembe laweza kushikwa na shemeji au jirani.

Mpira hauzuii kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikishiriki kupitia Hospitali ya Taifa Muhimbili, ulichapishwa mwaka 2021: watoto wa kilo 1 hadi pungufu ya 1.8 waliobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa robo pungufu kuliko waliosubiri hadi hali zao zitulie. Baba naye ana kifua.

Siku za kwanza uzito hushuka, pengine kwa sehemu moja ya kumi. Baadaye mtoto wa kilo 1.2 hutarajiwa kuongeza takriban gramu 18 kwa siku. Akianza kumudu kumeza, huhamia kwenye kikombe na titi, na mpira huondolewa.

Akisharuhusiwa kwenda nyumbani, arudishwe kituoni siku hiyohiyo iwapo atakataa kunyonya, tumbo litavimba, atatapika kijani au mwili utakuwa wa baridi.