Altrasaundi Kabla ya Sindano ya Mgongo



Wengi huijua altrasaundi kama mashine ya kumtazama mtoto tumboni. Inayo kazi nyingine katika chumba cha upasuaji.

Mgonjwa anayepasuliwa ili kujifungua, au anayetengenezwa nyonga, mara nyingi huchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Hubaki macho, lakini sehemu ya chini ya mwili haisikii maumivu. Dawa hiyo pia hulegeza mishipa ya damu. Damu hutuama miguuni, inayorudi moyoni hupungua, na presha huweza kushuka kwa dakika chache tu. Kwa mjamzito, damu inayomfikia mtoto hupungua pia. Pasipo kinga, hali hii huwapata zaidi ya nusu ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji.

Kabla ya sindano, daktari hupaka jeli chini ya kifua na kuutazama mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mgonjwa akivuta pumzi, mshipa hunywea. Ukitoka milimita 20 hadi 12, kwa mfano, umenywea kwa asilimia 40. Ukinywea sana, huenda mwili umepungukiwa maji, na presha ina hatari kubwa zaidi ya kushuka. Hapo dripu na dawa ya kupandisha presha huandaliwa mapema.

Kipimo hiki hakiumizi wala hakina mionzi. Hata hivyo, si neno la mwisho. Matokeo ya utafiti yanatofautiana, na mimba kubwa huukandamiza mshipa huo, ikawa vigumu kuusoma. Kwa sababu hiyo mkanda wa kupimia presha haukosi mkononi, mashine iwepo isiwepo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Fungeni kula kama mlivyoelekezwa, bila kuzidisha. Kwa kawaida chakula huachwa kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu kwa saa 2. Anayeshinda na kiu tangu usiku huingia chumbani amekauka. Tajeni kila dawa mnayotumia, hasa ya presha. Na baada ya sindano, kichwa kikizunguka au moyo ukichafuka, semeni papo hapo. Kumwambia daktari si kumsumbua. Ni kumsaidia kuwahi.